Gagarin, Glenn, Apollo 11, Apollo 13 au ISS: uanze na safari ipi darasani?

Wiki ya Anga Duniani huadhimishwa kila mwaka kuanzia tarehe 4 hadi 10 Oktoba. Tarehe 4 ni kumbukumbu ya kurushwa kwa Sputnik mwaka 1957, setilaiti ya kwanza kabisa. Tarehe 10 ni siku Mkataba wa Anga za Juu ulipoanza kutumika mwaka 1967. Wiki hiyo ikikaribia, walimu wa sayansi na walezi wa klabu za wanafunzi huanza kuulizana: mwaka huu tuwafundishe watoto safari ipi? Muda wenyewe ni vipindi viwili mfululizo. Vifaa ni ubao, chaki na tufe la dunia linalokaa juu ya kabati katika ofisi ya walimu. Darasa lina wanafunzi sitini, pengine zaidi. Historia nzima haiingii humo, kwa hiyo lazima uchague.

Wengi huikimbilia Apollo 11 kwa sababu ndiyo inayojulikana zaidi. Mimi naona kwamba kwa mwanafunzi anayeanza, hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, na mara nyingi anaondoka na majina matatu na tarehe moja tu kichwani. Kipimo changu ni hiki: je, mwanafunzi ataweza kueleza kwa maneno yake mwenyewe, hatua kwa hatua, nini kilimtoa mtu ardhini, nini kilimweka juu na nini kilimrudisha salama? Safari itakayomwezesha kufanya hivyo ndiyo ya kuanza nayo, hata kama nyingine ina sifa kubwa zaidi.

Vostok 1 na Apollo 11

Vostok 1, chombo cha Wasovieti, iliondoka Baikonur, Kazakhstan, tarehe 12 Aprili 1961, saa 3:07 asubuhi kwa saa za Moscow, ambazo ni sawa na saa zetu za Afrika Mashariki. Ndani alikuwemo mtu mmoja, Yuri Gagarin, rubani wa jeshi mwenye umri wa miaka 27. Aliizunguka dunia mara moja akarudi. Kuanzia roketi kuwaka hadi yeye kugusa ardhi zilipita dakika 108, pungufu ya vipindi vitatu vya dakika 40.

Apollo 11 iliondoka Florida tarehe 16 Julai 1969 na kurudi baharini tarehe 24. Ilikuwa na watu watatu: Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins. Ilikuwa na vyombo viwili vilivyosafiri vikiwa vimeungana, kimoja cha kubaki kikizunguka Mwezi na kingine cha kushuka, na hicho cha kushuka nacho kilikuwa na sehemu mbili, ya juu ikiondoka na kuiacha ya chini hukohuko Mwezini. Kabla mwanafunzi hajaelewa Collins alikuwa akifanya nini peke yake kule juu, unahitaji uwe umeshaeleza obiti (njia ya kuzunguka) ya dunia, obiti ya Mwezi, na namna vyombo viwili vinavyotafutana na kuungana huku vikienda maelfu ya kilomita kwa saa. Kengele inalia, na bado hamjatua.

Vostok 1 inadai wazo moja tu, nalo ni obiti. Mwanafunzi huuliza kila mara, "Mwalimu, kwa nini hakuanguka?" Jibu sahihi ni kwamba alikuwa anaanguka muda wote. Ukisimama juu ya mnara ukarusha jiwe mbele, litaangukia mbali kidogo. Ukilirusha kwa nguvu zaidi, litaangukia mbali zaidi. Kama lingekwenda karibu kilomita 28,000 kwa saa, tena pasipo na hewa ya kulizuia, uso wa dunia ungejipinda chini yake kwa kadiri ileile ambayo jiwe linashuka, na jiwe lisingefika chini kamwe. Kazi ya roketi ya Gagarin ilikuwa kumpa mwendo huo. Kwa mwendo huo, umbali wa moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa unamalizika kwa sekunde 40 hivi. Acha wanafunzi wahesabu sekunde hizo kwa sauti, halafu nyamaza kidogo. Mwendo wenyewe wataukumbuka hata wakiisahau tarehe.

Sasa chukua tufe. Matufe mengi ya shuleni yana kipenyo cha sentimita 30, kwa hiyo kila sentimita moja inasimama badala ya kilomita 425 hivi. Gagarin alipokuwa juu kabisa alifika kilomita 327. Juu ya tufe lako hiyo haitimii sentimita moja. Laza kidole cha shahada juu ya Kazakhstan: unene wa kidole chako tayari umempita Gagarin. Kisha waulize Mwezi uko wapi. Wengine watashika hewa karibu na tufe, wengine watanyoosha mkono hadi mwisho. Kwa kipimo hichohicho Mwezi ni chungwa lenye upana wa sentimita nane, na liko mita tisa kutoka kwenye tufe. Katika madarasa mengi hapo ni nje ya mlango, kwa hiyo mwanafunzi mwenye chungwa atoke asimame uwanjani. Zoezi hili linachukua dakika tano, halina gharama, na linaeleza tofauti ya Vostok 1 na Apollo 11 kuliko maelezo ya ukurasa mzima.

Kuna jambo jingine linaloipa Vostok 1 nafasi kwetu. Roketi za kupunguza mwendo ziliwaka kwa sekunde 40 na ushee chombo kikiwa karibu na pwani ya Angola, kwa maana hiyo njia ya kushuka ya mtu wa kwanza kufika angani ilipita juu ya Afrika. Na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Chombo kilikuwa na sehemu mbili: tufe la chuma lenye kipenyo cha mita 2.3 alimoketi Gagarin, na sehemu ya mitambo nyuma yake. Baada ya roketi kuzima, sehemu hizo zilitakiwa kuachana. Hazikuachana. Kifungu cha nyaya kiliendelea kuzishikilia pamoja, chombo kikawa kinazunguka ovyo. Ilichukua kama dakika kumi hadi joto la kuingia kwenye angahewa likaunguza nyaya, tufe likabaki peke yake na kujiweka sawa kwa uzito wake. Pale juu kama kilomita saba kutoka ardhini, Gagarin alirushwa nje na kiti chake, akashuka kwa parachuti yake karibu na mji wa Engels, kando ya mto Volga.

Hiyo ya parachuti Wasovieti waliificha kwa miaka kadhaa. Kanuni za shirikisho la kimataifa la michezo ya anga zilitaka rubani atue pamoja na chombo chake ndipo rekodi itambuliwe. Ukiwa na wanafunzi wanaopenda mdahalo, wape hoja hii: rekodi ni halali au si halali? Watapigana kwa maneno hadi kipindi kiishe, na kila anayesimama kusema atalazimika kwanza kueleza safari ilivyokwenda.

Tena kuna ile bahasha. Madaktari hawakuwa na hakika mtu akiwa hana uzito akili yake itafanya kazi sawasawa, kwa hiyo usukani ulifungwa na chombo kikaendeshwa kwa mitambo. Namba ya kuufungua, 125, iliwekwa ndani ya bahasha ili aifungue ikibidi; ila baadhi ya wakubwa wake hawakuvumilia, wakamnong'oneza kabla hajaondoka. Watoto wa darasa la sita hawasahau hilo.

Simaanishi kwamba Apollo 11 ni dhaifu. Dakika zile kumi na mbili na ushee za kushuka Mwezini nazipenda kuliko kitu chochote katika historia hii yote, na nikiwa na wanafunzi wakubwa natumia kipindi kizima juu ya dakika hizo peke yake. Kompyuta ya chombo, yenye kumbukumbu ndogo kuliko ya simu ya vitufe, ilianza kutoa ilani namba 1202 kwa sababu imelemewa na kazi. Programu ilikuwa imeandikwa, na kundi lililoongozwa na Margaret Hamilton, ili ikizidiwa iache kazi ndogondogo na kushika zile za lazima, kwa hiyo Houston, walikokaa waongozaji wa safari, wakasema endeleeni. Kisha Armstrong akaona mbele yake shimo lenye mawe makubwa, akachukua usukani, akaruka mbele kutafuta mahali tambarare huku mafuta yakipungua. Sauti kutoka Houston ikatangaza zimebaki sekunde 60. Ikatangaza 30. Wakatua. Ilikuwa saa 5:17 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, tarehe 20 Julai. Armstrong alipokanyaga udongo wa Mwezi huku kwetu ilikuwa saa 11:56 alfajiri ya tarehe 21.

Kwa mwanafunzi anayejua tayari obiti ni nini, hakuna kinacholingana na hapo. Kwa asiyejua, ni sinema tu. Kuna na tatizo la pili ambalo kila mwalimu amekutana nalo: ukitaja Apollo 11, mkono unainuliwa nyuma, "Lakini mwalimu, si walidanganya?" Ukiichagua, jiandae kwa swali hilo, na usilibeze, maana anayeuliza ushahidi anafanya sayansi. Mwambie kwamba safari sita zilitua kati ya 1969 na 1972, zikapeleka watu 12 na kurudi na kilo 382 za mawe na udongo vinavyochunguzwa hadi leo na wanasayansi wa nchi mbalimbali. Mwambie pia kwamba vioo maalumu vilivyoachwa kule bado vinarudisha miale ya leza inayotumwa kutoka duniani, na kwamba chombo kinachozunguka Mwezi tangu 2009 kimepiga picha za maeneo hayo, zikionyesha hadi nyayo za wanaanga.

Friendship 7: chaguo la Zanzibar na pwani yote

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn, mwenye umri wa miaka 40, aliondoka Cape Canaveral, Florida, ndani ya Friendship 7 akawa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Alizunguka mara tatu kwa muda wa karibu saa tano. Kwa fizikia haina tofauti kubwa na Vostok 1. Kinachoitenga ni kwamba wakati ule redio ya chombo ilisikika tu kinapopita karibu, kwa hiyo Wamarekani walijenga mlolongo wa vituo kuizunguka dunia: Bermuda, Visiwa vya Kanari, Kano nchini Nigeria, Australia, Hawaii na kwingineko. Kimoja kilikuwa Unguja, Tunguu.

Ukiwa unafundisha Unguja, Pemba, Tanga au Mombasa, sioni sababu ya kuiacha safari hii. Glenn aliondoka Florida ikiwa saa 11:47 jioni kwa saa zetu. Akavuka Atlantiki, akapita juu ya Afrika, na baada ya nusu saa hivi mawasiliano yakashikwa na Zanzibar. Miongoni mwa waliokuwa zamu kituoni alikuwepo daktari, kwa sababu shinikizo la damu na mapigo ya moyo ya mwanaanga yalikuwa yakifuatiliwa kutoka kituo hadi kituo. Muda mfupi baadaye, juu ya Bahari ya Hindi, Glenn aliliona jua likizama, mara ya kwanza kati ya tatu kabla ya kurudi nyumbani. Waulize wanafunzi: kama Unguja jua lilikuwa bado halijatua, kwa nini yeye aliyekuwa juu na mashariki zaidi alishaingia usiku? Watatumia tufe na tochi ya simu, na wataelewa mzunguko wa dunia vizuri kuliko kwa mchoro wa kitabuni.

Historia ya kituo chenyewe ni somo jingine. Kilijengwa wakati Zanzibar iko chini ya ulinzi wa Uingereza, na wapo wanasiasa na wananchi waliokipinga, wakikiona kama mguu wa jeshi la Marekani kisiwani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kilifungwa mwaka huohuo, na kazi ya upande huu wa bahari ikawa inafanywa kutoka Antananarivo, Madagaska. Wazee waliokuwa vijana wakati huo bado wapo. Mwanafunzi wa Unguja anaweza kumwendea babu au bibi yake na kumwuliza, "Shikamoo babu, mwaka ule wa Wamarekani wa Tunguu ulikuwa wapi?" Akirudi na jibu la sentensi tatu, amefanya utafiti.

Kwa wanaotaka fizikia zaidi, Friendship 7 ina kisa kizuri cha vipimo. Glenn akiwa katika mzunguko wa pili, mitambo ya ardhini ilionyesha kwamba ngao ya joto imelegea. Ngao ikitoka wakati wa kushuka, mtu anaungua. Walioko chini hawakujua waamini kipimo au wasikiamini, wakaamua pakiti ya roketi za kupunguza mwendo, iliyofungwa kwa mikanda juu ya ngao, isitupwe kama ilivyopangwa, ibaki imeishikilia. Glenn aliona vipande vinavyowaka moto vikipita dirishani, asijue kama ni pakiti au ni ngao yenyewe. Ilikuwa pakiti. Ngao ilikuwa salama muda wote. Swichi moja ndiyo iliyotoa taarifa ya uongo. Wape wanafunzi uamuzi ule ule kabla hujawaambia mwisho wake, uone watakavyogawanyika.

Hesabu za safari hiyo zilifanywa na kompyuta, lakini Glenn aliomba Katherine Johnson, mwanahisabati mweusi wa NASA, shirika la anga la Marekani, azipitie kwa mkono kabla ya kuondoka. Sipendi kumtaja kama pambo la kumalizia somo. Kama utamtaja, wape wanafunzi hesabu moja halisi: urefu wa njia kuizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 200, kwa kutumia nusu kipenyo cha dunia cha kilomita 6,371. Anayejua kutafuta mzingo wa duara ataifanya, na atakuwa ameonja kazi ya Johnson.

Nikilinganisha Vostok 1 na Friendship 7 kwa darasa la bara, naona Vostok 1 inatangulia kwa urahisi wake: mzunguko mmoja, tatizo moja kubwa, mwisho unaoonekana. Kwa darasa la pwani, na hasa Unguja, Friendship 7 inashinda. Walioko Kilifi wana la kuongeza pia, ingawa halikubeba mtu: tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru.

Valentina Tereshkova

Nimeulizwa na walimu wenzangu wa shule za wasichana kwa nini nisianze na yeye. Jibu ni kwamba mnaweza, na haitawagharimu kitu. Chombo chake, Vostok 6, ni cha aina ileile ya Gagarin, kwa hiyo maelezo ya tufe, obiti na kiti cha kurushwa nje yote yanabaki. Aliondoka tarehe 16 Juni 1963, akaizunguka dunia mara 48 kwa karibu siku tatu. Kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo aliyejifunza kuruka kwa parachuti kwenye klabu, na parachuti ndiyo iliyompa nafasi, kwa sababu bila kuijua usingeweza kutua na Vostok. Mwanamke wa pili alifika angani mwaka 1982, miaka 19 baadaye. Waachie wanafunzi waeleze wenyewe kwa nini ilichukua muda huo.

Apollo 13 kwa kidato cha tatu na kuendelea

Kama wanafunzi wako wameshasoma umeme na kemia kidogo, ruka hadi Aprili 1970. Apollo 13 haikutua Mwezini, na ndiyo safari ninayoipendekeza kuliko zote kwa wanafunzi wanaofikiria uhandisi, kwa sababu kila kilichoharibika kina sababu unayoweza kuiandika ubaoni.

Tangi namba mbili la oksijeni lilikuwa na hita ndani yake, na swichi za kuizima joto likizidi. Swichi zilitengenezwa kwa volti 28. Mitambo ya ardhini pale kituo cha kurushia ilitumia volti 65. Wiki chache kabla ya safari, tangi lilikataa kumwaga oksijeni yake baada ya jaribio, mafundi wakaamua kuichemsha itoke kwa kuacha hita inawaka kwa saa nyingi. Swichi zilipojaribu kukata umeme, zikaungana kwa cheche na kubaki zimeshikana. Joto likapanda mamia ya nyuzi, ila kipimajoto kilichokuwa mbele ya fundi hakikutengenezwa kuonyesha zaidi ya nyuzi 27 hivi za Selsiasi, kwa hiyo yeye aliona kila kitu kiko sawa. Nyaya zikaungua ganda. Hakuna aliyejua. Zaidi ya kilomita 300,000 kutoka duniani, wanaanga walipoambiwa wawashe feni za kukoroga matangi, nyaya zilizo uchi zikatoa cheche ndani ya oksijeni, na tangi likalipuka.

Jim Lovell, Jack Swigert na Fred Haise walihamia kwenye chombo cha kutulia Mwezini, kilichoundwa kwa ajili ya watu wawili kwa siku mbili hivi, wakakaa humo kwa takriban siku nne. Oksijeni ilitosha. Kilichotaka kuwaua ni hewa waliyoitoa wenyewe, kaboni dioksidi. Makopo ya kuifyonza ya chombo hicho, ambayo yalikuwa ya duara, yalikuwa yakiisha. Kwenye chombo kikuu yalikuwepo mengine mengi, ila ya mraba. Wahandisi walioko Houston wakakusanya mezani vitu vilevile tu walivyokuwa navyo wanaanga: mifuko ya plastiki, magamba ya vitabu vya maelekezo, mirija ya suti, utepe wa gundi. Wakaunda kiunganishi, wakawasomea wanaanga hatua moja moja kwa redio, na kiwango cha kaboni dioksidi kikashuka. Tarehe 17 Aprili walitua salama katika Bahari ya Pasifiki.

Somo la vitendo linajipanga lenyewe. Lipe kila kundi boksi la mraba, kipande cha bomba la duara, gamba la daftari kuukuu na selotepu. Kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku kwetu, tumia plastiki ya kufunikia madaftari. Sharti: hewa unayopuliza kwenye bomba isivuje popote isipokuwa kupitia boksi. Kisha kundi lililofanikiwa lilielekeze kundi jingine kwa maneno tu, limegeuzia mgongo. Hapo ndipo watakapogundua ugumu halisi ulikuwa wapi.

Ukilinganisha na Apollo 11, Apollo 13 ina watu maarufu wachache na picha chache, na huwezi kuifupisha kwa darasa la sita bila kuiharibu, kwani bila kuelewa volti, kisa kinakuwa ajali tu. Kwa darasa lililochanganyika umri, nachukua Vostok 1 kwa wote, halafu Apollo 13 kwa wakubwa siku nyingine. Apollo 11 naiweka baada ya mojawapo kati ya hizo, na hapo inapokelewa kwa maswali ya maana.

ISS, kama huna hata tufe

Kituo cha Kimataifa cha Anga (ISS) kilianza kujengwa Novemba 1998, na tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakijawahi kukosa watu ndani. Kwa kisa ni dhaifu kuliko safari zote nilizozitaja: hakina siku moja ya kusisimua, na maisha ya mle ni ratiba ya majaribio, mazoezi ya mwili na matengenezo. Lakini kina faida mbili ambazo nyingine hazina.

Ya kwanza ni kwamba mlango wa watu wetu upo. Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, iliachiwa kutoka maabara ya Wajapani iliyoko kwenye kituo hicho. Rwanda ikafuata mwaka 2019 na RwaSat-1, Uganda mwaka 2022 na PearlAfricaSat-1. Waliozitengeneza ni wahandisi vijana waliosoma vyuo vya kawaida, na baadhi yao huitikia wakialikwa na shule. Nimeona mwanafunzi aliyekuwa amesinzia wakati wa Apollo akakaa wima aliposikia Nairobi.

Ya pili ni kwamba kinaonekana kwa macho, bila darubini. Kinapita kilomita 400 hivi juu, kikizunguka dunia kwa dakika 90 na ushee, na njia yake inapita juu ya Afrika Mashariki yote. Utakiona muda mfupi baada ya jua kutua au kabla ya kuchomoza, wakati chini kuna giza na kule juu bado kuna jua: kinafanana na nyota inayong'aa sana, inayokwenda kwa mwendo mmoja bila kupepesa wala kuwa na taa nyekundu kama ndege. NASA hutoa bure kwenye mtandao saa za kupita kwa kila mji. Chagua siku ambayo kinafika zaidi ya nyuzi 40 juu ya upeo wa macho, la sivyo miti na mabati vitawazuia. Wanafunzi wa bweni watoke uwanjani dakika tano kabla. Wa kutwa waandikie saa na upande wa kutazama, waangalie na wazazi wao nyumbani. Mara nyingi kitapotea katikati ya anga kabla hakijafika upande wa pili. Usiwaambie sababu usiku huo. Waulize kesho yake asubuhi, na uwape tochi wakuonyeshe kivuli cha dunia kinaangukia wapi.